Mechi ya kirafiki: mpira na desturi ya kutembeleana hapa Uvira na kandokando ya ziwa



Tumezoea kusoma katika vijitabu vya mila na desturi habari za mahari, za matanga, za ngoma na za majina ya ukoo. Ni vizuri, na tunawapongeza wote walioandika. Lakini kuna desturi moja ambayo kila mtu wa Uvira anaiona karibu kila mwisho wa juma, na hakuna anayeiandika, kwa sababu watu wanaifikiri kuwa ni mchezo wa vijana tu. Ekipe ya kartye moja inaalika ekipe ya kartye nyingine, au ya kijiji cha mbali. Wanacheza, wanakula pamoja, wanaagana, na tangu siku ile wale wenyeji wanajua kwamba wana deni la kwenda kule kwa wenzao. Tunaiita mechi ya kirafiki. Ekipe zikiwa nne au nane, na mechi zikichezwa siku mbili kwa kutoana, tunasema ni mashindano ya kirafiki, hata kama mwishoni kuna mbuzi wa kupeleka nyumbani.

Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba mechi ya kirafiki ni mtoto wa desturi ya zamani, ile ya kutembeleana kandokando ya ziwa, na kwamba maana yake kubwa iko katika safari na katika marudiano kuliko katika magoli. Tutaonyesha pia kwa nini desturi hii iko hatarini leo.

1. Njia ilikuwako kabla ya mpira

Tazama namna mji wetu ulivyokaa. Magharibi ni milima ya Mitumba, mashariki ni maji ya Tanganyika, na katikati ni ukanda mwembamba wa ardhi ambamo nyumba zimejipanga kutoka Kavimvira mpaka Kalundu. Mtu wa zamani aliyetaka kwenda mbali alipanda mtumbwi. Burton na Speke, wale Waingereza wawili, walifika Uvira mwezi wa nne mwaka 1858 kwa mitumbwi kutoka Ujiji, na walikuta mahali hapa ni pa biashara tayari: watu wa Ujiji walikuwa wakija kununua pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watumwa pia. Mwaka 1871, mwezi wa kumi na moja, Livingstone na Stanley walikuja mpaka mdomo wa Ruzizi wakaona kwamba mto unaingia ziwani, hautoki. Hayo ni ya vitabu, na jambo hilo la Ruzizi wavuvi wetu hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Lakini maandishi hayo yanatusaidia kuthibitisha kwamba watu wa mwambao huu walikuwa na safari zao na wageni wao, na kwamba Kiswahili kilisafiri humo humo ndani ya mitumbwi.

Mgeni wa majini ana shida mbili ambazo kila mwenyeji wa ziwa anazijua. Anafika na njaa, na pengine hawezi kurudi siku ile ile, maana upepo ukikataa, umekataa. Kwa hiyo mwenyeji hana budi kuweka sufuria motoni na kutafuta mkeka. Na yeye mwenyewe anajua kwamba kesho kutwa ndiye atakayekuwa mgeni. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu tungeweza kuongeza kwamba mwenyeji anapona vizuri zaidi akienda naye kuwa mgeni.

Kushindana kwa urafiki nako hakukuletwa na mpira. Baada ya vita vya 1914–1918, katika miji ya Tanganyika na sehemu fulani za Kongo, kulienea ngoma iliyoitwa beni. Wachezaji waligawanyika pande mbili, Arinoti na Marini, wakashindana kwa mavazi, kwa hatua na kwa karamu. Upande mmoja ukialika, upande wa pili ulilazimika kualika tena, na aibu haikuwa kushindwa kucheza, aibu ilikuwa kushindwa kuwalisha wageni. Tukisoma habari hizo za beni, tunaona kama vile tunasoma habari za ekipe zetu.

2. Siku ya posho

Vijana wengi hawajui kwa nini sisi watu wa Kongo tunaita Jumamosi siku ya posho. Hesabu yetu inaanza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, halafu inakuja posho, na mwisho siku ya Mungu, ambayo wengine wanaiita siku ya yenga. Posho ni chakula cha juma zima ambacho mfanyakazi wa wakati wa Wabelgiji alipimiwa na kampuni au na serikali: unga, maharagwe, samaki, chumvi. Siku ya kupimiwa posho ikawa jina la siku yenyewe. Mtu akiisha kupokea chakula chake alikuwa na mchana mtupu mbele yake, na kesho yake ni siku ya kupumzika. Ndani ya nafasi hiyo ndimo mpira ulimoingia.

Mipango ya mpira katika Kongo ilianza Léopoldville, inayoitwa leo Kinshasa. Mwaka 1919 padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alianzisha chama cha michezo kwa ajili ya vijana Waafrika. Mwaka 1939 wamonaki Wabenedikto wa Elisabethville, yaani Lubumbashi, waliunda Saint-Georges, ekipe ambayo baadaye iliitwa Englebert na leo tunaijua kwa jina la Mazembe. Nia ya wakubwa wale ilikuwa wazi: mfanyakazi na mwanafunzi wasikae bure siku za mapumziko, wasinywe pombe, wasikusanyike mahali pasipoonekana. Mapadri walisema mpira unafundisha nidhamu, makampuni nayo yaliona kwamba mtu mwenye afya anafanya kazi vizuri.

Huku kwetu mlango ulikuwa ule ule: shule, misioni na kazi. Kulikuwa na bandari ya Kalundu na meli zake. Kulikuwa na misioni za Kiprotestanti za Waswidi tangu miaka ya 1920, na misioni za Kikatoliki, ambako Wasaveri kutoka Italia walifika mwaka 1958, miaka minne kabla ya Uvira kuwa jimbo la Kikatoliki. Kulikuwa pia na Kiliba, katika bonde la Ruzizi, ambako kiwanda cha sukari kilianza miaka ya 1950 na kukusanya wafanyakazi wa kila kabila ndani ya kambi moja. Mahali kama pale, watu waliotoka milimani na watu wa ziwani walijifunza kupasiana balo kabla hawajajua kusalimiana vizuri kila mmoja kwa lugha ya mwenzake.

Si wote walioupenda mchezo huu. Makanisa mengine yaliuhesabu kuwa mambo ya dunia, na kuna wazazi waliochapa watoto kwa kosa la kuharibu viatu. Ndiyo maana wengi walicheza pekupeku, kwa balo ya majani makavu ya mgomba iliyokazwa kwa kamba. Balo ya ngozi, ile yenye kibofu ndani na uzi wa kufunga mdomo, ilikaa kwa mwalimu au kwa padri, na aliyekuwa nayo ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusema leo mechi ipo au haipo.

Kitu kingine cha kukumbuka ni mpaka. Tangu mwaka 1925 Wabelgiji waliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo katika utawala. Usumbura na Uvira zilikuwa chini ya bendera moja, hata kama mtu mweusi alihitaji karatasi ili asafiri. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Burundi tarehe 1 mwezi wa saba 1962. Kuanzia hapo, kuvuka Ruzizi kwenda kucheza Bujumbura kukawa ni kwenda nchi ya nje, ingawa taa za Bujumbura tunaziona usiku tukiwa mlangoni petu.

3. Wakati wa Zaire

Mwaka 1964 Uvira iliingia katika uasi wa Mulele na Simba, mji ukachukuliwa mwezi wa tano, na kwa muda mrefu watu walikuwa na mengine ya kufikiri kuliko mpira. Lakini miaka ya mwisho ya 60 nchi ilipata furaha kubwa. Englebert ya Lubumbashi ilichukua kombe la klabu za Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968, na mwaka huo huo wa 1968 timu ya taifa ikawa bingwa wa Afrika. Mwaka 1974 ikarudia pale Cairo. Fainali ya kwanza na Zambia iliisha 2–2, wakaicheza tena baada ya siku mbili, Zaire ikashinda 2–0, na magoli yote manne yalikuwa ya Mulamba Ndaye. Alifunga 9 katika mashindano yale, na hesabu hiyo haijafikiwa na mwingine katika kombe moja la Afrika. Miezi michache baadaye, kule Ujerumani Magharibi, Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika weusi kucheza Kombe la Dunia. Ilifungwa mara tatu, ya Yugoslavia ikiwa 9–0, na wachezaji walirudi nyumbani wakiwa wapweke.

Tunataja hayo kwa sababu yalibadilisha mpira wa kartye. Radio ilipokuwa inatangaza, kila mtoto alikuwa Mulamba au Kazadi. Na kulikuwa na mpango wa salongo, kazi ya pamoja ya kufagia barabara na kuzibua mifereji. Asubuhi jembe na ufagio, mchana mpira: watu wale wale waliosafisha mfereji pamoja walikuwa wamekwisha kujipanga, na shefu wa kartye hakuhitaji kuwatafuta tena. Hapo ndipo ekipe za kartye zilipokomaa kama kitu cha wakaaji wenyewe, mbali na misioni na kampuni. Balo haikuwa tena ya padri. Ilikuwa ya wale waliokotiza.

Kando ya ziwa mpira ulitoa pia watu waliojulikana mbali. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, akacheza Burundi, akapita Young Africans ya Dar es Salaam, akafika Ulaya, na mwaka 2004 alicheza fainali ya klabu bingwa za Ulaya akiwa na Monaco. Jezi yake ya taifa ilikuwa ya Kongo. Maisha kama hayo yanaeleweka vizuri na watu wa ziwa, ambao tuna shangazi ng'ambo moja na mjomba ng'ambo nyingine.

4. Namna mashindano yanavyofanyika

Mpira wa halali, ule wa antanti, wa ligi na wa shirikisho, una karatasi zake na makomiseri wake. Mashindano ya kirafiki yana sheria ambazo hazikuandikwa, na tunaona ni vema tuziandike hapa kwa ajili ya wale watakaokuja.

Kwanza ni mwaliko. Prezida wa ekipe, pengine fundi cherehani au mwalimu au mwenye kioski, anatuma barua au mtu. Siku hizi simu inatosha, lakini kwa ekipe ya kijiji wazee bado wanataka mtu afike kwa miguu yake, maana mwaliko wa simu unasahaulika kama simu yenyewe ilivyozimwa.

Pili ni kukotiza. Kila mchezaji anatoa kidogo, na kila ekipe inalipa haki ya kuingia. Pesa ile inanunua mbuzi, balo au jezi za mshindi, inalipa chokaa ya mistari, na sehemu inakwenda jikoni. Pesa ikikosekana, mistari inachorwa kwa majivu. Milingoti ni ya mikaratusi au mianzi, na nyavu za goli kwetu si taabu: nyavu kuukuu za ndagala zinafanya kazi nzuri kuliko za dukani.

Tatu ni kupanga siku, na hapo ndipo hekima ya mji wetu inapoonekana. Waadventista hawachezi siku ya posho. Wakristo wengine wako kanisani siku ya Mungu asubuhi, na ibada zetu zinajulikana kwa urefu. Waislamu wana Ijumaa yao na mwezi wao wa mfungo. Wavuvi nao wana kalenda ya mbinguni: ndagala wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa samaki hawakusanyiki chini ya taa, kwa hiyo mitumbwi inakaa ufukweni na nyavu zinashonwa. Basi mwenye kutaka ekipe ya wavuvi katika mashindano yake lazima aangalie mwezi kwanza. Mtu anayepanga siku bila kuuliza haya yote atajikuta na wachezaji saba.

Nne ni mchezo wenyewe. Sheria ya dunia inasema uwanja uwe na urefu wa mita 90 mpaka 120. Sisi tunacheza kwa urefu ambao mlima na maji vimetuachia. Ekipe zikiwa nyingi, kila kipindi kinapunguzwa kiwe dakika 30 au 20, na sare inaamuliwa kwa penalti. Jezi zikifanana, upande mmoja unavua. Mwamuzi anachaguliwa kati ya wachezaji wa zamani, na sharti asiwe wa kartye yoyote inayocheza. Kazi yake ni ngumu, maana hana polisi nyuma yake. Kinachomlinda ni heshima tu, na wazee walioketi kwenye viti karibu na mstari. Kuhusu dawa zinazosemwa kufukiwa golini, hatutasema mengi. Tumeona makipa wakifukua mchanga asubuhi, na tumeona pia kwamba aliyefanya mazoezi ndiye anayeshinda.

Tano ni sahani, na hii ndiyo sheria kubwa. Wageni hawaondoki bila kula. Wamama wa kartye wanapika ugali, sombe, ndagala, na kama mfuko unaruhusu, mukeke. Walioshinda na walioshindwa wanakaa sahani moja moja, mgeni na mwenyeji, na mchezaji aliyepigana uwanjani anakalishwa kwa makusudi na yule aliyepigana naye. Sahani hizo zinafanya kazi kubwa kuliko kadi nyekundu. Tunasikitika kwamba hao wamama wanatajwa mwishoni kila mara, pamoja na kwamba wengi wao siku hizi wanavaa jezi wenyewe, hasa kwa sikukuu ya tarehe 8 mwezi wa tatu, na wanatafuta ekipe ya kuwaalika.

Sita ni marudiano. Ekipe iliyoalikwa inabaki na deni. Isipoalika ndani ya muda wa heshima, jina lake linaharibika, na kesho ikituma mtu hataitikiwa. Ndiyo maana katika mechi ya kirafiki hakuna anayepoteza kabisa: aliyefungwa 5–0 amebaki na haki ya kuwapokea waliomfunga na kuwalisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema wahenga, na sisi tunaongeza kwamba asiyerudisha mechi si rafiki.

5. Njia tatu

Msomaji atauliza: kuna nini cha maana namna hii katika vijana ishirini na wawili na mbuzi mmoja? Tunamjibu kwa kumwonyesha njia ambazo ekipe hupita kuja Uvira. Ziko tatu, na kila moja ina kaburi.

Njia ya kusini inakwenda Makobola, Mboko mpaka Baraka. Pale Makobola, siku za mwisho wa mwaka 1998 na za kwanza za 1999, raia mamia waliuawa.

Njia ya mashariki inavuka mpaka na kupita Gatumba, kabla ya Bujumbura. Pale Gatumba, usiku wa tarehe 13 mwezi wa nane 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliokuwa wametoka upande wetu, waliuawa kambini.

Njia ya kaskazini inapanda bonde kwa Kiliba, Sange, Luvungi mpaka Kamanyola. Pale Sange, jioni ya tarehe 2 mwezi wa saba 2010, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka, likaua watu zaidi ya 230. Wengi wao walikuwa wamejaa ndani ya vibanda vya video kutazama Kombe la Dunia lililokuwa linachezwa Afrika Kusini, kwa mara ya kwanza katika bara letu.

Vifo hivi havifanani. Viwili ni vya mikono ya watu na kimoja ni cha ajali. Lakini vyote vimeacha kitu kimoja katika roho za watu: woga wa njia. Baada ya msiba kama huo, mtu wa kwanza kupita ni askari, wa pili ni mfanya biashara, kwa sababu hana namna. Ekipe ya mpira ikipita, ni alama tofauti. Vijana hao hawakulazimishwa na njaa wala na amri. Wazazi wao wamekubali waende, na wale wanaowangojea wamekwisha kuweka sufuria motoni. Siku ile njia imefunguka kweli. Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Barundi wa bonde, Wanyamulenge, Bashi waliohamia mjini, wote wamezika watu. Hotuba za amani tumezisikia nyingi, na mikutano imefanyika katika mahoteli. Kukaa sahani moja na mtoto wa mtu unayemwogopa, ukiwa bado na jasho la kumkaba, ni somo lingine.

Hapa lazima tuseme pia upande mbaya. Mpira unaweza kubeba chuki kama unavyobeba urafiki. Ekipe za zamani za kwetu zilijiita kwa jina la kartye, la avenyu au la kazi, na ndani ya kartye kila kabila limo. Siku ekipe inapoundwa kwa kabila moja, mashabiki wanaacha kuimba juu ya magoli na wanaanza kuimba juu ya ukoo, na jiwe la kwanza haliko mbali. Kanuni ya wazee ilikuwa nzuri: mchezaji ni wa mahali anapolala. Tungependa kanuni hiyo irudishwe kama sheria katika kila mashindano.

6. Tereni zetu ziko wapi?

Sasa tunafika kwenye jambo linaloumiza. Mechi inahitaji mahali tambarare, na katika mji uliobanwa na mlima na maji, mahali tambarare ndipo kila mtu anapopataka. Tereni nyingi zilizobaki ni za shule na za parokia. Nyingine zimekatwa vipande vya viwanja vya kujenga, kipande baada ya kipande, mpaka kona ya uwanja ikawa jiko la mtu. Kiliba, baada ya kiwanda kusimama wakati wa vita vya 1996, kambi ya wafanyakazi ilibaki bila mwajiri na michezo yake ikabaki bila mlezi.

Halafu maji. Usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Mahali palipokuwa wazi palijaa wasiokuwa na makao, na hakuna mtu mwenye akili angesema waondoke ili watu wacheze. Mwaka 2021, na zaidi tena mwaka 2024, ziwa lenyewe lilipanda, likaingia Kavimvira, likaingia bandari ya Kalundu, likameza fukwe ambazo watoto walijifunzia kupiga balo.

Na vita. Mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipochukuliwa, mapigano yalitelemka katika bonde, na watu wetu kwa makumi ya maelfu walivuka Ruzizi, wengine kwa kuogelea, kwenda Burundi. Wengi walipokelewa wapi? Katika uwanja wa mpira wa Rugombo, kule Cibitoke. Familia zililala kwenye nyasi na chini ya majukwaa. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka huo huo vita vikafika Uvira kwenyewe. Kuna vijana wa bonde waliozoea kusikia Rugombo kama jina la mahali pa kwenda kucheza na kurudi jioni. Walifika pale bila jezi, wakiwa na mama zao na vyombo kichwani, na hakuna aliyewauliza juu ya marudiano.

Hata hivyo tunaona jambo la kufikiri. Uwanja uliwapokea kwa sababu ulikuwapo. Mahali palipo wazi kwa michezo siku za amani ndipo panapokuwa kimbilio siku za shida. Anayeuza tereni ya kartye anauza vitu viwili kwa bei ya kimoja.

7. Tunachoomba

Sisi walimu hatuna mamlaka wala mfuko. Tuna chaki na kalamu. Kwa hiyo maombi yetu ni ya kiasi chetu.

Tunaomba kila shule na kila parokia yenye tereni itafute karatasi zake za ardhi sasa hivi, izipeleke zikaandikishwe, na ipande miti mipakani. Mti wa miaka kumi ni shahidi mzuri kuliko mzee wa miaka themanini.

Tunaomba wanafunzi wa madarasa ya juu wapewe kazi ya vakansi: waende kwa wachezaji wa zamani wa kartye zao, waandike majina ya ekipe, miaka, nani alikuwa kapiteni, nani alipika, mechi ilirudishwa lini. Wazee hao wanapungua, na antanti huhifadhi matokeo ya ligi tu, haihifadhi ya kirafiki.

Tunaomba wenye kupanga mashindano wasiache sahani. Siku hizi wengine wanagawa pesa ya usafiri ndani ya bahasha na kila mmoja anakwenda zake. Ni rahisi, na ndivyo desturi inavyokufa, kwa kurahisishwa. Heri mbuzi awe mdogo na sufuria iwe kubwa.

Mwisho, tunaomba ekipe zote zinazodaiwa marudiano zisiseme kwamba vita vimefuta madeni. Kuna ekipe za Baraka, za Sange, za Luvungi na za ng'ambo ya Ruzizi ambazo zilikuja kwetu, zikala kwetu, na hatujaenda kwao. Njia ikifunguka, hata kidogo, tutume mtu akawaambie kwamba hatujasahau na kwamba tunakuja. Siku yenyewe wachague wao, lakini waangalie mwezi kwanza, kwa ajili ya wavuvi.